Mkono wa Profesa Kapufi

Mkono ulikataa. Daktari Restituta Sichalwe alikuwa amesimama mbele ya meza ya upasuaji, kichwa chake kinamwambia kata, Sista Leokadia upande wa pili wa meza anamwambia kata, na ule mkono wake wa kulia unaendelea kushona utadhani uko kwa fundi cherehani, hauna haraka na mtu.

"Daktari, damu haikati," Leokadia alisema. "Toa kizazi."

"Najua."

"Sasa unashona nini?"

"Najua, Sista! Najua!"

Alijua kweli, na ndilo lililomtia wazimu. Aliona damu inavyojaa, alisikia mashine ya mapigo inavyobadilisha mlio, akauamuru mkono uchukue kisu. Mkono ukachukua uzi mwingine. Ukashona vizuri ajabu, mishono myembamba, imepangana, mishono ambayo daktari bingwa angeiangalia akatikisa kichwa kwa furaha. Paskalina, binti wa watu, alikata roho akiwa na mishono mizuri kuliko yote iliyowahi kushonwa katika hospitali ya Kalembe. Mwanawe wa kike alikuwa pembeni kwenye blanketi, analia kwa nguvu zake zote.

Restituta alivua glavu, akaketi sakafuni palepale. Kabla ya sindano ya usingizi alikuwa amemwuliza yule binti, "Mtoto wa ngapi huyu, mama?" na Paskalina, pamoja na uchungu wote ule, alikuwa ametabasamu. "Wa kwanza, Daktari." Sasa lile tabasamu lilikuwa haliondoki machoni pake.

Na hapa lazima useme: loo, huyo daktari wa kina mama gani asiyejua kazi? Sasa sikia. Restituta hakuwa daktari wa kina mama. Alikuwa daktari wa ngozi. Upele, mapunye, ukurutu, mabaka: hiyo ndiyo kazi aliyoisomea, na akaisomea kweli. Huko kwenye chumba cha upasuaji alipelekwa na sheria ya kujiendeleza.

Zamani, daktari akitaka kujiendeleza alikwenda ukumbini, akasikiliza mhadhara, akasinzia kidogo, akanywa chai na sambusa, akarudi nyumbani na cheti. Enzi za Restituta mambo ya sambusa yalikuwa yamekwisha. Kila mwaka kila daktari alivaa kofia, akamiminiwa somo la fani isiyo yake. Wa macho alipewa uzazi, wa mifupa alipewa akili, wa akili alipewa moyo. Mabingwa walikuwa wachache na wote wamejazana mijini. Nchi ikaamua kwamba kama bingwa hafiki Kalembe, basi mkono wake ufike. Kofia haikumimina maneno wala picha. Ilimimina mkono wenyewe: kisu kikandamizwe kiasi gani, uzi uvutwe vipi, wakati gani uharakishe na wakati gani usubiri. Leseni yako haikuongezwa mpaka uvae.

Na kofia haikuchuja. Hilo kila mtu alilijua na kila mtu alilicheka. Kulikuwa na Ngatunga, daktari wa mifupa, aliyepewa somo la akili kutoka kwa bingwa mmoja mzee mvuta ugoro. Tangu siku hiyo Ngatunga, ambaye hajawahi kunusa ugoro maishani, akimsikiliza mgonjwa hupapasa mfuko wa shati kutafuta kikopo. Wenzake walimnunulia kikopo kitupu ili apate amani.

Somo la uzazi lilitoka kwa mtu mmoja tu, Profesa Dismas Kapufi. Mkono wake ulikuwa katika maelfu ya madaktari nchi nzima, na mmojawapo ni huu uliomshonea Paskalina hadi kifo.

*

Walipomaliza kumzika Paskalina, Restituta alimpigia simu Daktari Shekue. Shekue alikuwa wa macho, huko milima ya Usambara. Walikuwa wamekaa viti jirani juma lile la kuvaa kofia, wakataniana kuhusu ugali wa mgahawa, wakawa ndugu.

"Dada Restituta! Ngozi za Wafipa zinasemaje?"

"Kaka Shekue, umewahi kupoteza mama kwa damu?"

Utani ukaisha palepale. "Mmoja," Shekue alisema. "Kwa nini?"

"Alikuwa amezaa wa ngapi?"

"Umejuaje kwamba nilimwuliza?"

"Sote tunauliza. Juzi kaja mama na mtoto ana mapunye kichwani, nikajikuta namwuliza, mtoto wa ngapi huyu. Mapunye, Kaka Shekue!"

Shekue alijaribu kucheka, ikashindikana. "Wa kwanza," alisema. "Alikuwa wa kwanza."

"Na mkono?"

"Ukashona. Nauambia toa kizazi, unashona. Nikadhani nimeogopa. Tangu siku ile najiita mwoga, Restituta. Sijamwambia hata mke wangu."

"Waliokuwa na watoto wengine?"

"Hao mkono hausiti. Mwezi uliopita alikuja mama wa mtoto wa nne, nilitoa kizazi kabla hata sijafikiri, mama mzima, kaenda zake nyumbani."

"Na mimi hivyo hivyo."

 Jambo lilikuwa limekaa wazi mbele yao, na wote wawili walikuwa madaktari, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Naripoti kwa Baraza la Madaktari," Restituta alisema.

"Usithubutu! Sikiliza, Dada, nakuomba. Somo likionekana lina kasoro linafutwa kwa wote siku hiyo hiyo. Sheria hiyo unaijua. Mimi narudi kuwa wa macho tu. Wiki hii nimewapasua kina mama wangapi waliokwama na mtoto? Wangekwenda wapi? Barabara ya kushuka huku imekatika tangu masika. Huyo wa damu ni mmoja. Hao wengine ni kila siku."

"Kwa hiyo tuwaache wa kwanza wafe?"

"Sijasema hivyo."

"Sasa umesema nini?"

 Restituta aliiweka simu mezani, akajitazama mikono. Wa kushoto ulikuwa umetulia kama kawaida yake. Huo ndio aliozaliwa kuutumia. Bibi yake aliufunga kitambaa mwaka mzima, kila akishika kijiko kwa kushoto anapigwa kibao, mpaka akazoea kulia. Hata kofia ilipomimina haikuujali mkono huo, kwa sababu Kapufi alikuwa mtu wa mkono wa kulia, na wa kushoto wake ulikuwa wa kushikilia tu.

*

Profesa Kapufi alikuwa amestaafu, anakaa nje kidogo ya mji wa Kalembe, kwenye nyumba inayopigwa na upepo wa uwanda mchana kutwa. Restituta alimkuta jikoni amevaa sweta mbili, anamenya viazi. Ganda lilitoka refu bila kukatika, jembamba hata ungeweza kuona kidole chake kupitia ndani yake. Restituta aliutazama ule mkono na mwili ukamsisimka, maana aliutambua kutoka ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, wewe wa ngozi. Umekuja kula au umekuja kulalamika?"

"Nimepoteza mama. Kwa damu."

"Pole sana."

"Alikuwa wa kwanza, Mwalimu. Mkono wako ulikataa kutoa kizazi."

Kisu kikasimama juu ya kiazi. Mzee hakushangaa, na hapo Restituta akaelewa kwamba alikuwa anajua, au alikuwa anaogopa kujua, tangu zamani.

"Nilikuwa na dada," Kapufi alisema. "Anastazia. Wa kwanza kuzaliwa kwetu, mimi wa mwisho. Mimba yake ya kwanza mtoto alikufa, damu ikatoka, daktari mmoja mwenye haraka zake akatoa kizazi. Wakwe wakamrudisha nyumbani na sanduku lake. Alikaa kwa mama yetu miaka, hasemi, hacheki. Watoto wa jirani wakipita anafunga mlango. Siku moja alikunywa sumu ya panya. Mimi ndiye niliyemkuta." Aliweka kiazi kwenye maji. "Niliposoma udaktari niliapa sitamfanyia hivyo mwanamke wa mimba ya kwanza. Nikajifunza kushona pale ambapo wengine wanakata. Nikajifunza kungoja. Na sikupoteza hata mmoja, Restituta. Hata mmoja! Waulize."

"Naamini."

"Sasa unanilaumu nini?"

"Wewe ulikuwa unaweza kungoja, Mwalimu. Una miaka arobaini ya kuujua mwili wa mama, una damu ya akiba, una wasaidizi wanne. Mimi ni wa ngozi. Umenipa mkono wako, hukunipa macho yako. Huruma yako ikifika kwangu inaua."

Mzee alinyanyuka ghafla, sufuria ikalia. "Basi kaniripoti! Wafute! Mtarudi kule tulikotoka, mama anafia njiani juu ya baiskeli. Nenda!"

"Sitaki wafute. Nataka uongeze kiraka."

Kiraka kilikuwa kitu kinachowezekana, na wote wawili walikijua. Mwalimu alibaki na kofia yake nyumbani. Akiifungua kwa sauti yake, yeyote mwenye somo akaivaa na kufanya kazi, kilichoongezwa kiliwafikia wote wenye mkono ule. Lakini kofia ilichukua nia pamoja na kitendo. Huwezi kujifanya. Lazima uitake ile kazi unayoifanya, na kukata kwenyewe ukutake kwa moyo wako wote, la sivyo kitakachomiminwa ni uongo tu.

"Unaniambia nitake kufanya kile alichofanyiwa Anastazia," Kapufi alisema polepole.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Toka nyumbani kwangu."

Restituta alitoka. Njia nzima alilia kwa hasira, hajui hata anamkasirikia nani, mzee au Anastazia na sumu yake ya panya au yeye mwenyewe kwa kusema maneno yale kwa mtu anayemenya viazi.

*

Lakini Kapufi alikuja. Walipomleta Yusta, binti mwenye mimba ya kwanza, ilikuwa asubuhi ya soko, mume na mama mkwe wamemtoa kijijini kwa trekta. Uchungu ulikuwa umemkaa mno, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Restituta alikuwa anaosha mikono alipomwona Kapufi, aliyeitwa na Leokadia, mlangoni, amevaa gauni la upasuaji lililomkaa kubwa, kofia ya somo kichwani.

"Usiseme neno," alisema mzee. "Nitajaribu."

Walimtoa mtoto. Damu ikaanza, ile ile ya Paskalina, nyingi, nyepesi, isiyotaka kuganda. Kapufi alifungua kofia kwa sauti yake, akanyoosha mkono, akashika kisu. Restituta aliona kisu kinafika karibu na kizazi na kusimama. Jasho lilimtiririka mzee hadi shingoni. Midomo ilikuwa inatembea, na Restituta alisikia jina la Anastazia.

"Siwezi," Kapufi alisema. "Mungu anisamehe, siwezi." Akavua kofia, akamvika Restituta kwa mikono yake mwenyewe. "Wewe. Lakini subiri kidogo. Mwangalie. Chupa pekee ya damu tuliyonayo ndiyo inaingia, Sista ameifungulia. Mara nyingi hapa hapa ndipo inaanza kukata. Subiri."

"Nikisubiri mkono utashika uzi."

"Subiri kidogo tu, mwanangu!"

Restituta alimtazama Yusta. Akamwona Paskalina, tabasamu lake na mishono yake. Mkono wa kulia ulikuwa tayari unaelekea kwenye uzi. Basi aliuachia uende unakotaka, akachukua kisu kwa mkono wa kushoto. Mkono ule uliofungwa kitambaa, uliopigwa vibao, ambao hakuna mtu aliyewahi kuufundisha chochote. Ulikuwa mzito, lakini ulikuwa wake, na ulimtii. Alitaka. Hakuwahi kutaka kitu namna ile. Akakata, Leokadia akabana mishipa, akakata tena, na damu ikasimama.

Chumba kizima kikapumua. Mashine ikarudi kwenye mlio wake wa kawaida. Leokadia alikuwa analia waziwazi huku anahesabu vitambaa.

Kapufi hakulia. Alikuwa ameegemea ukuta, anamwangalia.

"Hukumwuliza," alisema.

"Nini?"

"Mtoto wa ngapi. Hukumwuliza kabla ya sindano."

"Nilijua, Mwalimu. Mume alisema mapokezini. Sikutaka kumsikia akisema mwenyewe."

"Hata ukijua, uliza," mzee alisema. Akaitazama ile kofia kichwani mwa Restituta, iliyokuwa bado inawaka. "Ivue."

Aliivua. Kiraka kilikuwa kimeshaondoka.

Yusta alizinduka mchana. Restituta alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alimwambia kuhusu mtoto, kisha akamwambia lile lingine, kwa maneno ya wazi, kwa sababu aliona haki yake ni kuambiwa. Yusta alisikiliza hadi mwisho.

"Ningekufa?" aliuliza.

Restituta alifungua kinywa aseme ndiyo. Akakumbuka chupa iliyokuwa inaingia, na sauti ya Kapufi. "Sijui," alisema. "Niliogopa ungekufa."

Yusta aligeukia ukutani. Nje ya wodi mama mkwe alikuwa anaongea na mwanawe kwa sauti ya chini, maneno mengi ya haraka, na mwanawe anaangalia viatu vyake. Restituta alikaa pale mpaka Leokadia alipokuja kumgusa bega.

*

Simu ya Shekue iliingia akiwa kliniki ya ngozi, foleni inafika nje. Aliipokea haraka.

"Dada! Kiraka kimefika, nimekisikia asubuhi, kama ganzi kiganjani. Na leo leo nimepata wa damu."

"Enhe?"

"Mkono umetii, Restituta. Wa kushoto, unaamini? Mimi! Nyumbani kwetu hata kumpa mtu maji kwa kushoto ni matusi. Umekata bila kusita. Mama mzima, amelala, anapumua."

Restituta alifunga macho. Machozi ya furaha yakamtoka. Mbele yake mama mmoja alikuwa amempakata mtoto mwenye mapunye, anasubiri, anamwangalia daktari anayelia.

"Ila sasa," Shekue aliendelea, na sauti yake ikawa na kitu kingine ndani. "Msaidizi wangu ananiambia damu ilikuwa imeanza kupungua. Anasema alinishika mkono, akaniambia Daktari, inakata, ngoja. Mimi sikumsikia. Nilichokuwa nakisikia ni woga tu, woga mkubwa, na sura ya binti simjui, anatabasamu."

Furaha ilimtoka Restituta yote kwa mara moja. Alishika ukingo wa meza. Aliwaza madaktari wote wale, wa mifupa, wa moyo, wa macho, milimani na mabondeni, kila mmoja na mkono wa kushoto ulio tayari.

"Kaka Shekue," alisema. "Huyo mama. Ni mtoto wake wa ngapi?"



"Sikumwuliza," Shekue alisema. "Huwa nauliza kila mara, wewe unajua. Leo sikumwuliza."